Kijiko Kimoja Baada ya Kila Sala

Mjukuu wangu Muzna, anayefanya kazi famasi kule Al Khuwair, alikuja kwangu Amerat Ijumaa moja, akala, akanywa kahawa, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba zamani Matrah tukitibu watu kwa bangi. Nikamwambia si kweli. Tukitibu kwa mofini. Kwa bangi watu walijitibu wenyewe. Akasema, "Bibi, andika hayo, wenzangu watataka kuyasoma." Kwa hivyo nyinyi mnaosomea uuguzi na dawa, mkichoka katikati, mlaumuni yeye.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka thalathini na mbili. Kazi nilijifunza Unguja, na Unguja niliondoka mwaka wa sitini na nne kama walivyoondoka wengi, nikavuka bahari kuja Matrah, bandari hii ya Waarabu. Mume wangu alipata kazi Kuwait, akaenda. Mie nikabaki Matrah na watoto wawili na mama mkwe ambaye hakuipenda Matrah wala joto lake. Mie pia hakunipenda sana, lakini joto alilichukia zaidi, na hilo lilinisaidia.

Mfanyabiashara mmoja aliyemjua marehemu baba alinisimamia, nikapata kazi katika dispensari ndogo nyuma ya soko. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, ina daktari mmoja, mchanganya dawa mmoja, mfagiaji mmoja na mie. Haipo tena. Mara ya mwisho nilipopita pale walikuwa wakiuza mapazia. Walinichukua kwa sababu wanawake wa mji hawakutaka kufunuliwa nguo na mwanamme. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani. Nilijua kumweleza mtu khabari za Pepo na Moto, lakini sikujua kumwambia ageukie ubavu wa kushoto.

Siku hizi mnamuuliza mgonjwa maumivu yake ni ngapi, toka sifuri mpaka kumi. Nimeiona karatasi yenyewe, ina vichwa vya watu wanaocheka na wanaolia. Ni kitu kizuri. Lakini wakati ule ukimuuliza mzee wa hapa maumivu yakoje, alikujibu alhamdulillahi. Alhamdulillahi si namba. Ya mtu mwenye mafua na ya mtu aliyevunjika nyonga ni moja, na zinasemwa kwa sauti ile ile.

Aliyenifundisha kusoma maumivu ni mchanganya dawa wetu, Bwana Ratansi, Baniani mwembamba aliyezaliwa Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na hakuacha siku ipite bila ya kunikumbusha.

"Dada," alinambia wiki ya kwanza, "usiulize. Geuza mgongo uhesabu."

Alikusudia alama za moto. Watu walikuwa wakitibu maumivu kwa chuma kilichotiwa katika makaa. Tumbo likiuma, alama tumboni. Kichwa kikiuma, alama utosini. Kwa hivyo kila alama ni siku ambayo mtu alishindwa kabisa, akaona afadhali achomwe. Alama mbili, maumivu ni mapya. Alama sita, huyu keshaanza kuchoka na maisha. Siku alipoletwa Ami Hamdun nilihesabu kumi na tisa, kisha nikaacha, kwa sababu aligeuza shingo akaniona nnahesabu.

Ami Hamdun alikuwa mpika halwa. Ujanani alikaa Pemba miaka kumi akichuma karafuu, akarudi na Kiswahili cha kule na mapenzi ya embe. Kiangazi watu wote wa Matrah tukilala juu ya mapaa. Alfajiri moja aliamka kwenda kutawadha, akashukia upande usiokuwa na ngazi. Mfupa wa mgongo ulivunjika, ukaunga vibaya, ukabana mshipa, na tangu hapo mguu wa kulia ulikuwa ukimuwaka toka nyonga mpaka kidole gumba. Halwa inataka mtu asimame juu ya sufuria na mwiko mrefu saa nzima au mbili bila ya kuacha kukoroga. Yeye alikuwa hawezi kusimama muda wa kuamkiana na mtu.

Mkewe, Bi Rayya, hakujua Kiswahili ila matusi mawili ambayo mumewe alimfundisha akamwambia ni maamkizi. Siku ya kwanza aliniamkia kwa moja. Nikamjibu.

Daktari wetu alikuwa Mmalabari, Mhindi wa kusini, Daktari Kurien, mtu wa maneno machache na mashati meupe. Alimpa Ami Hamdun aspirini, akaharibika tumbo. Akampa kodini, ikasaidia wiki mbili. Mwisho, baada ya kukaa na kadi yake mezani siku tatu, aliandika mofini ya maji katika shira. Aliiogopa dawa ile. Ilikuja kwa meli kutoka Bombay, alikuwa na ufunguo wa kabati lake shingoni, na alipokuwa akiitoa kila mtu chumbani alinyamaza, kama maiti inapita.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi. Mie nilikuja na desturi ya kungoja: mgonjwa akilia, mpe dawa. Ratansi aliikataa. "Ukingoja alie umechelewa," alisema. "Utatumia nyingi kumnyamazisha, na kidogo tu ingemzuia asifike huko. Mpe kwa saa, anaumwa haumwi." La pili, kila chupa ya mofini iliyotoka mkononi mwake ilifuatana na kipakiti cha sanamaki, kwa sababu mofini hufunga choo, na hakutaka mtu apone mgongo akafa kwa tumbo. Haya mawili yamo katika vitabu vyenu sasa. Mie nimeyapata kwa mtu aliyekuwa akipima dawa amevua viatu.

Shida ilikuwa hiyo saa. Daktari alikuwa na saa za Kizungu, mji ulikuwa na saa za Kiarabu, ambazo jua likizama ni kumi na mbili. Mara moja daktari alimwita mtu saa nane. Daktari alimngoja asubuhi, mtu akaja baada ya adhuhuri, na kila mmoja akamuona mwenziwe hana adabu. Na kwa Ami Hamdun saa haikuwepo kabisa, ya Kizungu wala ya Kiarabu.

Mwezi ule Ratansi alisafiri Bombay kumuoza binti yake. Daktari aliandika kijiko kimoja cha chai, mara tano kwa siku, zipishane sawa. Mie nikaenda nyumbani kwa mgonjwa na chupa, nikafikiri, nikaona nimepata ufumbuzi mzuri ambao hata Ratansi hakuwahi kuupata. Nikamwambia Bi Rayya kwa Kiarabu changu: kijiko kimoja baada ya kila sala.

Nilirudi kazini nnajipongeza. Sala ni tano, hakuna anayezisahau, na muadhini hataki kutiwa ufunguo. Mwenye akili angeona mara moja kwamba toka alasiri mpaka isha vijiko vitatu vinafukuzana, kisha usiku mzima hamna kitu. Mie sikuliona. Daktari hakuliona kwa sababu sikumwambia. Kwenye kadi niliandika "mara tano" kama alivyosema.

Ikaenda vizuri, tena sana. Baada ya wiki tatu Ami Hamdun alikuwa akikaa dukani kwake juu ya kiti, akimtukana ndugu yake anavyokoroga. Daktari akaona anaendelea vyema lakini bado hawezi kuinama, akaiongeza dawa nguvu kidogo. Hilo moja. La pili, kwa kuwa kuinama na kutawadha mara tano kulimtesa, imamu wa msikiti wao alimwambia jambo la haki kabisa: mgonjwa anaruhusiwa kujumuisha, adhuhuri na alasiri pamoja, maghribi na isha pamoja.

Siku ya pili yake akasali adhuhuri na alasiri kwa pamoja. Na kwa kuwa sala zilikuwa mbili, akanywa vijiko viwili. Alinitii neno kwa neno. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata mgonjwa mtiifu kama yule.

Bi Rayya alikuja mwenyewe mbio, shela begani, akasema mumewe halali, hafi, haamki. Daktari alichukua mkoba, tukaenda. Tulimkuta amelala chali juu ya mkeka, midomo imekuwa rangi ya majivu, mboni za macho ndogo kama tundu la sindano. Nilihesabu pumzi zake kwa saa ya daktari. Alivuta tano kwa dakika nzima. Dawa ya kuivunja mofini ilikuwepo duniani wakati ule. Haikuwepo Matrah.

"Mkumbushe," daktari alinambia.

Mofini ikizidi humsahaulisha mtu kuvuta pumzi. Akiwa bado anasikia, ukimwambia, anavuta. Kwa hivyo nilikaa kichwani pake nikasema, "Vuta pumzi, Ami Hamdun." Akavuta. Nikangoja. "Vuta pumzi, Ami Hamdun." Akavuta. Bi Rayya alipewa kazi ya kumfinya ili asizame, akaifanya kwa bidii ya mwanamke aliyeolewa miaka thalathini. Daktari alishika mkono wa mgonjwa, kidole juu ya mshipa.

Na hapo ndipo, huku akifinya, Bi Rayya akanieleza kwa Kiarabu. Sala mbili, vijiko viwili. Wewe ndiwe uliyesema. Hakunilaumu, alinieleza tu, kama mtu anayekuonesha amefuata kipimo cha unga sawa sawa. Daktari hakujua Kiarabu cha kutosha. Aliniuliza, "Anasema nini?"

Nikamwambia, "Anaomba dua."

Tuliendelea hivyo mpaka jua likaanza kuzama nyuma ya mlima. Sauti yangu ilikuwa imekwisha. Nikasema kwa mara sijui ya mia ngapi, "Vuta pumzi, Ami Hamdun," naye akajibu, macho yamefumba, "Nimeshavuta. Subiri."

Nilipomtafsiria, Daktari Kurien aligeukia ukutani, akakaa hivyo kidogo, mabega yakimtikisika. Kisha akageuka akapima mshipa tena, uso wake kama kawaida.

Siku ya pili daktari alikuja, akapima dawa iliyobaki chupani, akaona kijiko kimoja kimezidi kunywewa, akataka kumuuliza. Ami Hamdun alikuwa ameketi, amechoka, uso umevimba. Daktari alisema Kiingereza, mie nikatafsiri.

"Muulize kwa nini alikunywa viwili."

Nikamuuliza kwa Kiswahili. Ami Hamdun aliniangalia. Hakumuangalia daktari, aliniangalia mie, muda mrefu kuliko swali lenyewe. Kisha akasema, "Mwambie tamaa."

Nikatafsiri. Nilisema neno hilo kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida, na matamshi yangu yalikuwa mazuri.

Daktari alifunga chupa, akaitia mkobani, akasema hatoi tena mofini kwa mtu asiyeweza kujizuia. Alisema bila ya hasira. Nilitafsiri na hilo pia.

Sasa nyinyi mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa na sababu, na zote nilizipanga vizuri kichwani. Mume wangu yuko mbali. Watoto wawili. Kukaa kwetu kulitegemea mtu aliyenisimamia, na yeye alinisimamia kwa sababu ya kazi. Nikafikiri nitasema kesho, daktari akipoa. Daktari alikuwa amepoa tangu mwanzo. Kesho ikaja, nikasema kesho.

Kila asubuhi nilipita kumuangalia, na kipakiti cha sanamaki mkononi, ambayo sasa haikuhitajika hata kidogo, kwa sababu mwili ukikatiwa mofini ghafla unafungua kila kitu. Alikuwa akipiga miayo, pua inamiminika, ngozi imesimama vinyweleo kama kuku aliyenyonyolewa, anatetemeka ndani ya blanketi na nje ni kiangazi cha Matrah. Na mguu ule ule ukimuwaka. Daktari nilimwambia ana mafua. Nadhani hata mie nilitaka yawe mafua.

Siku ya tano Bi Rayya akaacha kunisubiri. Alikwenda kwa jirani yao Mbulushi akapata kifurushi cha bangi, akaichemsha katika samli, akatia kijiko kwenye maziwa. Nilipofika nilimkuta mgonjwa amekaa, amekula sahani mbili za wali.

"Ami, mguu vipi?"

"Unauma," alisema. "Lakini leo unamuuma jirani."

Alilala vizuri siku ile, na nitakuwa muongo nikisema sikufurahi. Siku ya saba, kifurushi kile kile, kijiko kile kile, maziwa yale yale, nilimkuta amejibanza pembeni, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Alinishika mkono akaninong'oneza nisiseme lolote mbele ya mbuzi. Mbuzi alikuwa mlangoni, anatafuna. Ami Hamdun alikuwa na hakika kwamba anasikiliza.

Siku ya kumi Ratansi alirudi, na pipi za harusi ndani ya boksi. Nilimwambia khabari, kwa ufupi, kama daktari alivyoandika kwenye kadi. Akaacha pipi, akavaa viatu, akaenda kumuona mgonjwa. Aliporudi aliosha mikono kwanza.

"Hana mafua," alisema. "Mmemkatia dawa kwa mpigo mmoja. Mwili unaidai. Dawa hii hushushwa ngazi kwa ngazi. Yeye anajua zaidi ya mtu yeyote mtu akishuka bila ya ngazi anakuwa vipi."

Nikamuuliza kuhusu bangi. Akapanda juu ya stuli akashusha kutoka rafu ya mwisho kichupa chenye vumbi, ndani mna kitu cheusi cha kijani kilichoganda kama lami. Alisema ni bangi iliyotolewa kwa spiriti, na madaktari wa zamani wakiiandika bila ya haya. "Kisha wakaacha," alisema. "Si kwamba haifanyi kitu. Inafanya. Lakini chupa hii ilikuwa haiwi sawa na chupa ile. Kijiko cha Jumatatu kinamlaza, cha Jumatano kinamfanya aogope mbuzi. Mie siwezi kumpa mtu kitu nisichojua ni kiasi gani." Akakirudisha mahali pake.

Akashuka, akakaa.

"Dada, alikunywa viwili kwa nini?"

"Tamaa."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe."

"Mtu anayepika halwa miaka arobaini, hajapata kuzidisha sukari, leo ana tamaa ya kijiko." Aliniangalia. "Ulimwambia anywe vipi?"

Nikamwambia. Na yeye, Baniani, akazihesabu kwa vidole: alfajiri, adhuhuri, alasiri, maghribi, isha. Akavikutanisha vidole viwili.

"Na mgonjwa anaruhusiwa hivi?"

"Anaruhusiwa."

Aliniambia tu kwamba kumwambia daktari si kazi yake, kazi yake ni kuchanganya dawa. Kisha akanipa pipi ya harusi. Sijapata kula kitu kigumu kumeza kama kile.

Asubuhi yake niliingia chumbani kwa daktari, nikasimama. Nilimwambia nilivyosema, alivyofanya, na kwamba niliyajua hayo tangu siku ile ile, na kwamba Bi Rayya hakuwa akiomba dua.

Akasema, "Nilimuuliza mbele yako, na wewe ukatafsiri."

"Ndiyo."

"Ulitafsiri sawa sawa."

"Ndiyo, daktari."

Akanisukumia kadi. "Andika."

Niliandika mistari sita. Aliisoma, akasahihisha herufi moja niliyokosea, akatia saini chini yake. Nikamuuliza kama nikusanye vitu vyangu. Akasema, "Nikikufukuza nitaleta mwengine, naye siku moja atasema baada ya kila sala, na mie tena sitouliza." Hilo la kutouliza alilisema kwa sauti ndogo. Kisha akafungua kabati.

Yaliyofuata ndiyo nnayotaka myashike kama hamtashika chengine. Hatukurudisha kipimo cha zamani. Siku kumi na moja bila ya dawa, mwili umesahau. Kile kilichomtuliza mwezi uliopita kingemuua safari hii. Tulianza chini, tukapanda pole pole. Ratansi aliondoa kijiko kabisa. Alijaza vichupa vidogo, kila kimoja dozi moja, akavifunga uzi shingoni: mweupe wa alfajiri, mwekundu wa adhuhuri, mweusi wa maghribi, wa buluu wa kulalia. Vyovyote atakavyosali, atanywa kichupa cha rangi ya wakati wake. Vitupu nilivikusanya mwenyewe kila asubuhi. Na kila maelezo niliyompa mtu tangu siku ile mpaka nilipostaafu, nilimtaka anirudishie kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni ya mafuta ya kuchua. Watu waliniona mjinga. Sawa tu.

Bangi ilibidi iachwe, kwa sababu hatukujua zikikutana mwilini zitafanya nini. Bi Rayya aliapa kuwa kaitupa yote nje. Mbuzi alilala siku mbili, kwa hivyo nnaamini.

Ami Hamdun hakupona. Siku hizi mnapenda neno hilo, lakini mgongo ule haukuwa wa kupona. Maumivu yalibaki kama mpangaji mkorofi, lakini hakuwa tena mwenye nyumba. Alirudi dukani, akakaa kwenye kiti chake miaka mingine minne, akionja kwa ncha ya ulimi na kumtukana ndugu yake. Dawa yake kwa miaka yote hiyo iliongezwa mara mbili tu na ikapunguzwa mara moja, kwa ombi lake mwenyewe. Alifariki mwaka wa sabini kwa homa ya mapafu, akiwa na umri mkubwa. Mwaka ule mambo mengi ya nchi yakabadilika, zikaja barabara na hospitali kubwa, na mie nikapewa sare mpya na saa ya ukutani ya kweli.

Muzna ananambia nchi nyengine sasa bangi inapimwa, inatiwa katika kichupa, na daktari anaiandika. Inawezekana wamelitatua lile la Ratansi, la kijiko cha Jumatatu na cha Jumatano. Sheria ya hapa hairuhusu, na mie simshauri mtu. Na ananambia kwengine mofini na ndugu zake ziligawiwa ovyo mpaka watu wakafa kwa wingi, na sasa madaktari vijana wanaziogopa hata kwa anayestahiki. Nimeziona njia zote mbili ndani ya nyumba moja, katika mwezi mmoja. Kuzidisha nilifanya mie, na kukata nilifanya mie pia, kwa kunyamaza.

Jambo moja sijalieleza, la asubuhi ile nilipotoka kwa daktari na vichupa vinne ndani ya kikapu. Daktari alikuwa amenambia nimpelekee mwenyewe, na nimueleze mwenyewe.

Nilimkuta ndani ya blanketi, meno yanagongana. Bi Rayya alikuwa uani. Nilikaa chini nikamwambia kwamba nimekwenda kwa daktari nikasema kweli yote, na dawa imerudi, na kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo.

"Nnajua," alisema.

"Kwa nini basi ulisema tamaa?"

"Ungefukuzwa. Una watoto, mume yuko Kuwait. Mie mtu mzima. Nikiitwa mlevi, halwa yangu watu wataila vile vile."

Nilifungua kichupa cha uzi mweupe. Akakipokea, akanywa, akajifuta ndevu kwa pembe ya blanketi, akanirudishia kichupa kitupu.

"Siku kumi na moja hata ukasema, mwanangu," alisema. "Mie nilikukisia mbili."